Nusu ya Punje

Kuna swali ambalo watu wengi wanaosifu sake huliruka haraka, wakimbilie harufu ya tikiti na tufaha: ile nusu ya mchele iliyotolewa ilienda wapi, na nani alisema ni sawa kuitoa?

Tuanze na kazi yenyewe. Sake (Wajapani huiita nihonshu, kwa sababu kwao neno sake ni pombe yoyote, hata Tusker ni sake) hutengenezwa kwa mchele, maji, hamira na ukungu unaoitwa koji. Koji hufanya ile kazi ambayo kimea cha wimbi hufanya kwenye busaa: kugeuza wanga uwe sukari ili hamira ipate cha kula. Lakini kabla ya hapo mchele unakobolewa, na si kukoboa kwa muthokoi. Mchele wa kula Japani hupoteza karibu asilimia 10 ya punje, basi. Sake ya daraja la ginjo lazima punje ibaki asilimia 60 au chini. Daiginjo, asilimia 50 au chini. Dassai 23, ambayo pengine umeiona kwenye Instagram ya mtu, jina lake linakwambia kilichobaki: asilimia 23. Halafu mwaka 2017 kampuni ya Tatenokawa, mkoa wa Yamagata, ikatoa sake inayoitwa Komyo, iliyobakiza asilimia 1. Moja. Punje nzima imesagwa hadi ikabaki kitu kama chembe ya mchanga.

Sababu ipo. Protini na mafuta ya mchele yamekaa zaidi sehemu za nje, na wanga safi uko katikati. Ukiacha ya nje mengi, kinywaji kinakuwa kizito, na ile harufu ya matunda haitokei vizuri. Ukitaka kinywaji laini na kisafi kama maji ya asubuhi, unakoboa.

Watetezi watakwambia hakuna kinachotupwa. Na ni kweli. Pumba za kwanza zinaenda kwa mifugo, kwa mbolea, kwa mafuta ya kupikia. Unga mweupe wa ndani unatengeneza biskuti za mchele na peremende. Hata machicha yanayobaki baada ya kukamua sake hutumika kuhifadhi samaki na mboga, na samaki huyo ni mtamu ajabu. Lakini jibu hilo linajibu swali lingine. Mimi sijauliza kama pumba zina kazi. Nauliza kwa nini bei na heshima vinapanda kulingana na kile kilichoondolewa.

Na hili si swali la watu walioshiba tu. Enzi ya Edo, mavuno yakiwa mabaya serikali ilikuwa inapunguza kiasi cha mchele ambacho watengenezaji wangeweza kutumia. Wakati wa Vita vya Pili na baada yake, mchele ulikuwa adimu hadi sake ikaongezwa spiriti na sukari, ujazo ukawa mara tatu. Watu wakanywa hivyo kwa miaka mingi. Na si historia peke yake. Mwaka 2025 bei ya mchele madukani Japani ilikuwa karibu mara mbili ya mwaka uliotangulia, serikali ikafungua maghala ya akiba. Mama anasimama dukani mbele ya mfuko wa kilo 5 akipiga hesabu, na mahali fulani mashine inazunguka siku kadhaa ikisaga punje ya mchele.

Sasa, mtu wa kanisani kwetu angemaliza hapa: pombe ni dhambi, chakula ni chakula, twende nyumbani. Mimi sikubaliani naye. Kila pombe ya nafaka imeibiwa kutoka sufuriani, busaa ikiwemo, na bado watu wamekuwa wakiipika kwa harusi, kwa mazishi, kwa kulima shamba la jirani. Raha pia ni hitaji. Kwa hivyo naona swali la haki ni hili: tumetoa nusu ya punje, tumepata nini? Na mahali pa kulijibu ni mezani.

Wajapani wana usemi kwamba sake haigombani na chakula. Si majivuno matupu. Mwaka 2009 watafiti wa kampuni ya mvinyo ya Mercian, hukohuko Japani, walionyesha kwamba madini ya chuma kwenye mvinyo ndiyo huleta ile shombo mbaya mdomoni ukinywa huku unakula vitu vya baharini. Watengenezaji wa sake huogopa maji yenye chuma kama ukoma, kwa sababu yanaharibu rangi na ladha. Ongeza kwamba sake haina ule ukakasi wa mvinyo mwekundu, asidi yake ni ndogo, na imejaa amino asidi, zilezile zinazofanya supu ya mifupa ikufanye ufumbe macho.

Lakini hizo amino asidi zinatoka kwenye protini. Yaani, kwenye sehemu tunayokoboa!

Ndiyo maana daiginjo ya baridi ni nzuri na samaki mweupe mbichi, chumvi kidogo, na baada ya hapo inaanza kupotea. Iweke kando ya bangala aliyechemshwa kwenye miso na utakuwa unakunywa maji ya bei ghali. Chukua badala yake junmai ya kawaida, punje asilimia 70 au 80, ipashe hadi nyuzi 45. Mafuta ya samaki yanayeyuka, miso inatulia, unarudi kwenye sahani. Ningeiweka pia na omena wa kukaanga bila wasiwasi wowote. Wajapani wenyewe hutengeneza supu kwa dagaa wakavu.

Basi kwa nini ile dhaifu mezani ndiyo iko juu kwenye menyu? Nadhani ni mtihani. Tangu 1911 Japani ina mashindano ya kitaifa ya sake mpya. Kikombe cha jadi cha kuonjea ni cheupe, chenye duara mbili za buluu chini, za kupimia uangavu. Waamuzi wanaonja, kisha wanatema. Hakuna chakula. Watengenezaji wakajua kinachoshinda, hadi kukawa na fomula, YK35: mchele wa Yamada Nishiki, hamira ya Kumamoto, punje asilimia 35. Kinywaji kikalelewa ili kishinde kikiwa peke yake. Unawajua watu wa aina hiyo, na kukaa nao chakula cha jioni ni kazi.

Wapo waliogoma. Zamani serikali ilipanga sake kwa madaraja, na usipopeleka yako ikaguliwe unabaki daraja la pili. Mwaka 1977 kampuni ya Ichinokura ya Miyagi ikatoa sake nzuri bila kuipeleka, ikaiita Mukansa, yaani isiyokaguliwa, ikauzwa kwa bei ya chini. Mfumo wenyewe ulikwisha 1992. (Mimi niliacha chuo kabla ya cheti, kwa hivyo nipunguzie maksi hapa ukitaka.) Terada Honke wa Chiba nao wanatengeneza moja kwa mchele wa kahawia, haujakobolewa kabisa. Ni chachu, ina mapovu, na haifanani na kitu chochote.

Kuna pingamizi moja ambalo siwezi kulipuuza. Yamada Nishiki ni mmea mrefu unaoanguka upepo ukivuma, mgumu kulima, na wakulima wa Hyogo wameukubali kwa sababu unalipa. Unalipa kwa sababu kuna watu wanaotaka punje isagwe hadi nusu na zaidi. Kila mkoboo wa kifahari umemwekea mtu shamba. Na mchele wa kula ulipopanda bei, baadhi ya wakulima walianza kuacha mchele wa sake na kupanda ule wa sufuriani, na sasa watengenezaji, wakubwa kwa wadogo, wale wa asilimia 23 na wale wa asilimia 80, wanatafuta mchele pamoja.