Kushuka Mkoani

Boti ikishafunga kamba Mkoani, kusini mwa Pemba, hakuna anayengoja kuambiwa ashuke. Ngazini watu wanabanana na magodoro yaliyokunjwa, ndoo za rangi, feni ambazo hazijatolewa kwenye boksi, na watoto walionyong'onyea tangu mkondo wa Nungwi. Wachukuzi wanagombania mizigo. Makonda wa daladala za 603, ziendazo Chake Chake, wanaita, "Chake! Chake!" Muda si mrefu gati ni tupu, na mji umebaki na wenyewe.

Waulize wanaopita, watakwambia Mkoani hakuna cha kuangalia. Ni kweli. Barabara inapanda kilima kutoka bandarini, ina maduka ya kawaida na Hospitali ya Abdalla Mzee, iliyojengwa upya kwa msaada wa China. Mwenye kutaka magofu aende Ras Mkumbuu, na mwenye kutaka kuzamia kutazama samaki aende Misali. Mimi hili naliona ni uungwana. Mji usiojipamba kwa ajili yako hauna sababu ya kukudanganya.

Kaa hapo gatini, basi, utazame kinachoshuka na kinachopanda. Vinashuka unga, saruji, sukari. Zinapanda ndizi na karafuu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikapona, na tangu hapo kisiwa hiki ndicho kinachobeba zao hilo. Msimu ukiwa mzuri karafuu huanikwa kwenye majamvi hadi kandoni mwa barabara, na harufu yake inakupokea kabla ya mtu.

Ila wanaopanda zaidi ni vijana. Wanakwenda Unguja, Dar es Salaam, Mombasa, wengine hadi Oman, kila mmoja na begi lake na mama wa kumsindikiza. Ukilijua hilo, yale magodoro na feni unayatazama kwa jicho jingine: ni jasho la waliotangulia, linarudi nyumbani. Kwa kisiwa kilichoijaza hazina ya Zanzibar miaka yote hiyo, sidhani kama hayo ni malipo ya haki.

Karibu na geti la bandari kuna mama anauza chai na mikate ya kumimina. Nilipomwamkia, aliitikia, akalitazama begi langu, kisha akauliza:

"Mgeni wa nani, mwanangu?"

"Nimekuja kutembea tu, mama."

"Kutembea kwa nani?"

Nikamtajia nyumba ya kulala wageni. Akatikisa kichwa. Sisi wa mijini kusafiri bila kumtegemea mtu tunakuita uhuru. Yeye alikuwa akimwona mtoto wa watu aliyekosa wa kumpokea. Alinimiminia chai, akamwita kijana wa pale abebe begi.

"Mpeleke," alimwagiza, "na uwaambie huyu ni mgeni wangu mie."

Kijana alifikisha salamu kama zilivyo. Bei ya chumba ikashuka pale pale.