MWALIMU NYIKANI

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema.

Ama baada ya haya: ndugu zetu wa Mombasa, Malindi na Lamu, kila tukionana nao siku za Idi, hutuuliza swali moja: "Je, Mwalimu, mwaishije huko jangwani?" Wako waulizao kwa huruma, na wako waulizao kwa mzaha, na wengine, Mwenyezi Mungu atusamehe sisi na wao, huuliza kama mtu amwulizaye mfungwa khabari za kifungo chake. Tumeona ni bora tuwajibu wote pamoja katika kurasa hizi. Hatutaki kuhurumiwa, bali ndani ya jibu mna jambo linalotuhusu sote, aliyehama na aliyebaki.

Kwanza yatupasa kusahihisha jina. Kajiado si jangwa. Ni nyika: ardhi ya majani na miti ya miiba, yenye masika na vuli kama kwetu, ila mvua zake ni chache na hazina ahadi. Jina lenyewe latokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya mto mrefu, na mto huo kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga. Kitengela iko kiasi cha kilomita 30 kutoka Nairobi, katika barabara iendayo Namanga, na mji wa Kajiado uko mbele yake katika barabara hiyo hiyo. Hapo zamani palikuwa malisho matupu. Leo Kitengela ni mji mkubwa; hesabu ya watu ya mwaka 1999 haingeutambua, na ile ya 2019 ilikuta humo zaidi ya watu 150,000, wa kila kabila na kila dini. Miongoni mwao wamo watoto wa Kiislamu wengi, na walimu wa kuwasomesha ni wachache. Hiyo ndiyo sababu ya sisi kuondoka Mombasa mwanzo wa mwaka 2021.

Sasa tuwasimulie siku yetu. Alfajiri huko ni baridi, khasa mwezi wa Julai, kwani nchi iko juu sana kupita pwani. Kanzu ya Mombasa haisitiri kitu. Tumejifunza kujitanda shuka nzito ya Kimaasai juu ya kanzu, na wanafunzi wetu hucheka wakatuita mzee wa ng'ombe. Baada ya swala twangoja punda. Msishangae: maji huja kwa punda, katika mitungi ya lita 20, na asiye na fedha ya mtungi siku hiyo hana maji siku hiyo. Maji ya visima virefu huwa na magadi, na mahali pengine hutia meno ya watoto rangi ya kahawia. Samaki hatumwoni, na nazi ni tunu. Wali wetu hauna tui, na kwa siku nyingi chakula ni ugali na maziwa. Mchana watoto wako skuli, basi chuo huanza alasiri, na Jumamosi na Jumapili kutwa. Mara mbili kwa juma twapanda gari kwenda Kajiado kusomesha darsa ya watu wazima. Wakati wa kiangazi twarudi tumejaa vumbi. Wakati wa mvua twarudi tumebeba viatu mkononi, kwa sababu udongo mweusi wa huko hushika mguu kama mdeni aliyemwona mdai amelala.

Hayo ndiyo mashaka yetu, na mwayaona kuwa ni mepesi. Mus'ab bin Umayr (r.a.) alikuwa kijana wa Makka aliyelelewa katika anasa, anajulikana kwa nguo zake nzuri na manukato yake. Mtume (S.A.W.) alimpeleka Madina kabla ya Hijra awasomeshe watu Qur'ani, naye akaenda. Alipouawa Uhud, nguo aliyoiacha haikutosha kumkafini: wakimfunika kichwa, miguu hubaki wazi, wakimfunika miguu, kichwa hubaki wazi. Hakuna mwalimu aliyehama kwa basi la siku moja, mwenye simu mfukoni mwake, awezaye kujitaja mbele ya mtu huyo.

Lakini nyika hufundisha, na mwanafunzi wake wa kwanza ni mwalimu. Sisi tumesomesha mlango wa udhu kwa miaka mingi, na bomba likimwagika pembeni yetu. Tulikuwa tukisoma kuwa Mtume (S.A.W.) akitawadha kwa kibaba kimoja, mudi, ambacho kwa hesabu ya madhehebu yetu ya Shafi hakifiki lita moja, tukaisoma hadithi hiyo kama khabari ya ajabu ya watu wa kale. Kitengela tulipima maji hayo katika bakuli, tukawatawadhisha watoto mmoja mmoja, na bakuli likatosha. Basi tuliona haya. Ni udhu wa miaka mingapi tulioumwaga bure katika misikiti ya mjini, tukidhani kuwa wingi wa maji ndio usafi?

Jambo la pili ni la saa. Mwezi wa Ramadhani tulikuta nyumba zinazofuturu kwa adhana ya Mombasa, isikikayo katika redio na simu. Watu hao wana nia njema, lakini jua halifuati redio. Kajiado iko magharibi ya Mombasa, na kwa hivyo jua lake huchelewa kuchwa kwa kiasi cha dakika 12, hupungua au kuzidi kidogo kwa kadiri ya miezi. Mwenye kula kwa adhana ya Mombasa amekula mchana. Tuliwatoa watoto nje ya chuo, tukawaonyesha jua lingali juu ya ardhi na redio yaadhini. Hawakuhitaji dalili nyingine. Mtoto mmoja akatuuliza: "Kwani mwezini Mombasa hawajui kuwa sisi tuko?" Alikusudia kusema mjini, ulimi ukateleza, lakini swali lake lilibaki nasi.

Jambo la tatu ni aibu yetu wenyewe, na hatulifichi. Siku moja alikuja kijana mchungaji, amevaa akala, akaingia nazo mpaka juu ya mkeka wa swala, na mkeka ulikuwa umefuliwa kwa maji ya kununua. Tulimkemea mbele ya wenzake. Akatoka, wala hakurudi kwa muda wa majuma matatu. Kisha, usiku mmoja, tukitayarisha darsa, tukafika kwenye hadithi ya bedui aliyekojoa ndani ya msikiti wa Mtume (S.A.W.). Masahaba walimwinukia, Mtume akawazuia; akaamrisha ndoo ya maji imwagwe mahali pale, na yule bedui akafundishwa kwa upole. Tulifunga kitabu. Asubuhi tulikwenda kumtafuta yule kijana malishoni, tukamsalimu kwa salamu ya kwao, tukamwomba radhi. Leo anasoma juzuu ya tano.

Na jambo la nne ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Ndugu zetu mwakumbuka ule ukame mkubwa. Kuanzia vuli ya mwaka 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo. Katika Kenya nzima walikufa wanyama wa kufugwa zaidi ya milioni 2, na Kajiado ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopigwa. Tuliona mizoga kando ya barabara ya Namanga, na wazee wakiwainua ng'ombe kwa mikono kila asubuhi ili wasimame. Katika siku hizo mshahara wetu nao ulikuwa haujafika kwa miezi mitatu.

Akatujia mzee mmoja, Mwislamu, mfugaji. Akaweka shilingi 10,000 juu ya meza. Akasema: "Mwalimu, wewe ni mtu wa pwani. Niandikie hirizi za kuwafunga ng'ombe shingoni, na kombe la kuwanywesha." Tukamwambia arudi kesho.

Yawapasa mjue kwamba neno hilo "kesho" halikuwa la hikima. Lilikuwa la njaa. Tulikuwa twajua hukumu ya jambo lile, na tumeisomesha mara nyingi. Lakini fedha ilikuwa mezani, na ndani ya nyumba mlikuwa na mtungi mmoja wa maji. Usiku ule tulimweleza mwenzetu wa nyumbani, kwa hakika tukitaraji atuhurumie. Akatuuliza maneno mawili: "Mwalimu, ng'ombe wakifa, utamwambia nini? Na wakipona, utamwambia nini?"

Hatukuwa na jibu. Wakifa, mzee atasema Qur'ani imesema uwongo. Wakipona, atasema karatasi ndiyo iliyoponya. Katika hali zote mbili sisi tutakuwa tumeuza itikadi ya mtu kwa shilingi 10,000, na tumemwacha mbali zaidi na Mola wake kuliko tulivyomkuta.

Aliporudi tulimrudishia fedha yake. Tukamwambia kwamba Mtume (S.A.W.) alipopatwa na ukame alitoka na watu uwanjani, akaswali rakaa mbili, akageuza shuka yake, akamwomba Mwenyezi Mungu mvua, nasi tu tayari kutoka naye. Akauliza: "Na hiyo ni kiasi gani?" Tukamwambia haina bei. Akanyamaza kitambo, kisha akasema kuwa yeye hajapata kuona kitu cha dini kilichotoka kwa mtu wa pwani kisicho na bei.

Enyi ndugu zetu! Neno hilo si letu peke yetu. Hilo ni deni la pwani nzima. Watu wetu waliopita huko na misafara, na waliokuja baada yao kwa gari la moshi, walipeleka dini, Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Lakini wako waliopeleka pamoja nayo mikoba ya hirizi, na mpaka leo wako watokao kwetu kwenda kuuza makombe kwa watu wenye shida. Sisi tukiwa kimya, twahesabiwa pamoja nao.

Tulitoka na yule mzee na watu wachache, tukaswali. Mvua haikunyesha juma lile wala mwezi ule. Wengi katika ng'ombe wake walikufa. Twayasema haya wazi ili mtu asidhani kuwa tunauza hirizi ya namna nyingine; dua ni ibada, si mashine. Mvua ilikuja katika masika ya mwaka 2023, kwa wakati aliouweka Mwenye mvua; na katika masika ya 2024 ikazidi, mpaka mafuriko yakaingia majumbani Kitengela. Na yule mzee, baada ya hasara yake yote, alituletea wajukuu wake wawili. Hatukumwuliza sababu. Mmoja wao ndiye leo anayeadhini.

Basi twarudi kwenye swali lenu. Mwenyezi Mungu ametukhubirisha katika Sura ya Ibrahim, aya ya 37, kwamba Nabii Ibrahim (a.s.) aliwaweka baadhi ya kizazi chake katika bonde lisilo mimea, na akataja kusudi lake: ili wasimamishe swala. Tazameni alichoomba. Hakuanza kwa kuomba matunda. Aliomba kwanza nyoyo za watu ziwaelekee, kisha ndipo akaomba waruzukiwe. Na mahali pale penye ukavu ndipo leo tunapoelekea sote kila siku mara tano. Ukavu wa nchi si dalili ya ukavu wa kheri yake. Na mji wenye minazi na misikiti mingi haukuandikiwa kuwa wenye kheri milele.

Kwa hivyo haja yetu kwenu ni haya matatu. La kwanza: kila akwendaye bara kwa jina la dini na mkoba wa hirizi, mkanyeni kabla hajapanda gari, kwa maneno mema na ya wazi. La pili: gharama ya karamu moja ya arubaini, ambayo wengine huikopea, yatosha kununua tangi la lita 10,000 na mifereji ya bati. Paa la chuo lenye mita 10 kwa 10 hukusanya lita 1,000 kwa kila milimita 10 za mvua. Sadaka hiyo itamfaa maiti wenu kila mtoto atawadhapo, na wala hamtamla yatima wake. La tatu, nalo ni kubwa: msitutumie walimu milele. Katika Sura ya Tawba, aya ya 122, tumeagizwa kuwa katika kila kundi watoke watu wajifunze dini, kisha warudi kuwaonya watu wao. Wapokeeni vijana wa nyika katika vyuo vyenu, muwalishe na muwasomeshe, ili warejee wao wenyewe kwa lugha yao na shuka zao. Siku hiyo sisi tutarudi Mombasa kula samaki, inshallah, na wala hatutahitajiwa tena.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azielekeze nyoyo zetu kwa watu hao, na zao kwetu, atusamehe lile neno "kesho", na atujaalie tuwe wenye kutenda tunayoyasomesha. Amin.