Kusi Lilipovuma Taratibu

Wapendwa, wiki hii tusome Matendo ya Mitume sura ya 27, tena polepole. Paulo ni mfungwa, yuko melini, anapelekwa Roma. Mfungo wa Wayahudi umeshapita, na majira salama ya kusafiri yamekwisha. Wametia nanga Bandari Nzuri, kisiwani Krete. Paulo anaonya kwamba wakiendelea watapata hasara ya shehena, ya meli, hata ya maisha. Hakuwa akibahatisha. Waraka wake wa pili kwa Wakorintho, alioandika kabla ya safari hii, unataja kwamba alikwisha kuvunjikiwa jahazi mara 3. Lakini akida Yulio, aliyekabidhiwa wafungwa, akawasikiliza zaidi nahodha na mwenye meli. Mfungwa ana kauli gani mbele ya wenye chombo?

Kisha upepo wa kusi ukaanza kuvuma, taratibu. Wakaona mambo yamewanyookea, wakang'oa nanga. Hapo naomba tutulie kidogo. Kabla ya kupigwa na tufani iitwayo Eurakilo, watu 276 waliokuwamo melini walipata hali nzuri ya hewa, na hali hiyo nzuri ndiyo iliyofuta onyo vichwani mwao.

Kusi hilo linavuma hata majumbani mwetu. Mama anamimina chai asubuhi, kikombe kinamponyoka. Mdomo umepinda upande mmoja, mkono hauinuki, maneno yanatoka mazito. Watu wanakusanyika, mmoja anasema ni upepo mbaya, mwingine anatafuta mafuta ya kumpaka. Baada ya robo saa mkono umerudi, mama anacheka, anasema ni uchovu tu. Nyumba nzima inamshukuru Mungu, kila mtu anashika shughuli zake.

Madaktari wanatuambia kwamba damu ilikatika kwenye ubongo, ikarudi. Hatari ya kiharusi kikubwa huwa juu zaidi katika siku 2 zinazofuata, yaani siku zile zile tunazojiona tumevuka. Presha nayo ni hivyo hivyo: kichwa kikiacha kuuma, vidonge vinaachwa, na huku presha yenyewe hupanda bila kuuma popote.

Angalieni pia ni nani anayeonya. Mara nyingi ni mjukuu, au binti wa kazi, aliyekuwapo jikoni kikombe kilipoanguka. Anaambiwa asiwatishe wakubwa. Wazazi wangu, mtoto huyo msimnyamazishe. Mwulizeni aliona nini, na ilikuwa saa ngapi.

Mungu aliwafikisha wote 276 nchi kavu, kisiwani Malta, ingawa meli ilivunjika. Rehema hiyo naiamini kwa moyo wangu wote, na siioni kuwa ruhusa ya kung'oa nanga.

Kwa hiyo kama jambo hili limekupata siku hizi, likapita, usingoje Jumapili. Nenda hospitali leo, umweleze daktari yote, hata yale yaliyokwisha. Nipigie simu nikusindikize, tutaomba njiani.