Pampu Ilitoka Kiwandani na Matundu Yake

Drili imezama ghafla. Ulikuwa unatoa kisiki cha bolti kilichokatikia kwenye bodi ya pampu, chuma kikaisha kabla hujategemea, na sasa ukichungulia kwenye tundu la milimita 8 unaiona feni ya ndani. Mwenye pampu ni mkulima wa vitunguu. Shamba lina kiu, naye amekaa nje kwenye benchi anasubiri. Najua kinachokupitia kichwani: upake gundi ya haraka, upige rangi juu, umkabidhi, uombe isivuje mpaka afike kwake.

Usithubutu, fundi. Igeuze hiyo bodi uitazame upya. Juu pana kizibo cha skrubu cha kujazia maji kabla ya kuwasha. Chini pana kingine, cha kumwagia maji. Matundu hayo yalitobolewa na kiwanda chenyewe! Kwenye baadhi ya injini hata bolti za silinda hedi zinapenya hadi kwenye njia ya maji, hufungwa kwa gundi ya meno ya skrubu na kufanya kazi miaka. Tundu lenye meno safi na kizibo kilichokaa sawasawa ni sehemu halali ya mashine. Ulilo nalo mezani ni tundu ambalo halijamalizwa. Limalize.

Na hofu yako tuipime kwa mizani. Pampu inayopandisha maji kimo cha mita 30 inabeba msukumo wa kama kilo 3 kwa kila sentimita ya mraba. Tundu lako lina nusu ya sentimita ya mraba. Kwa hiyo maji yatakisukuma kizibo kwa kilo moja na nusu tu! Hata ukilipanua hadi milimita 10, mzigo haufiki kilo mbili na nusu. Skrubu ya chuma ya unene huo haitatikisika. Kinachoweza kukuangusha ni uchafu na haraka, na vyote viwili viko mikononi mwako.

Fungua bodi, toa feni, safisha mafuta yote. Pakaza mafuta ya taa kuzunguka tundu, futa mpaka pakauke, kisha paka chaki: kama pana ufa, mafuta yatarudi juu na kuchora mstari. Pakiwa pazima, endelea. Kwa ukuta mwembamba, kama wa milimita 5, chagua meno ya karibu karibu: toboa kwa keekee ya milimita 9, ukate kwa tapu ya M10 yenye hatua ya milimita 1. Unapata meno matano badala ya matatu. Tapu isimame wima. Zungusha kidogo mbele, rudisha nyuma uvunje chenga, tena mbele. Hapo usimwachie spana boi, na wala usiongee na simu. Kisha gundi ya meno, kizibo, na ndani usawazishe kwa tupa ili feni isikwaruze.

Utashawishiwa kuchomelea. Kataa, kama bodi ni chuma cha kusubu na ulicho nacho ni vijiti vya kawaida. Chuma hicho kina kaboni nyingi. Ukikipasha upande mmoja kinapasuka pembeni ya weldi, na tundu la milimita 8 linageuka ufa wa urefu wa kidole. Kipo kijiti cha nikeli, na wapo wanaokimudu: wanapasha bodi kwanza, wanachoma vipande vifupi, wanaipoza taratibu ndani ya majivu. Hiyo ni kazi ya ufa mkubwa. Na kama tundu limeangukia pale inapokaa sili au beringi, mweleze mwenye mali kwamba bodi ibadilishwe. Kusema hivyo pia ni ufundi.

Upande wa kuvuta maji ongeza umakini maradufu. Hapo pampu haivuji nje. Inanyonya hewa, inanguruma kwa bidii na maji hayapandi, na mkulima atadhani kisima kimekauka. Paka povu la sabuni juu ya kizibo pampu ikiwa kazini. Likifyonzwa ndani, rudia.

Halafu mwite mzee wa watu pale kwenye benchi. Mwonyeshe tundu lilitokea wapi, ulilifunga kwa nini na kwa namna gani, na kwamba gharama ya kizibo ni yako. Mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, na Kamukunji, Nairobi, wanaotafutwa kwa majina wanatafutwa kwa sababu hiyo. Jaza maji mbele yake, washa, funga koki ya kutolea kwa sekunde chache, maana pampu ya feni hufikia msukumo wake mkubwa kabisa pale ilipofungwa. Kidole chako kiwe juu ya kizibo, na chake pia.

Tapu iko dukani, bodi iko mezani, jua bado liko juu. Inuka!