Haki ya Kuwapo

Mwaka 1912 familia ya Abraham Soyer, mwalimu wa Kiebrania katika mji wa Borisoglebsk, Urusi, ilinyimwa kibali cha kuendelea kuishi pale kwa kuwa ilikuwa ya Kiyahudi. Ikahamia New York. Wanawe watatu, Raphael, pacha wake Moses, na mdogo wao Isaac, wakaja kuwa wachoraji. Raphael alilichora jiji hilo hadi alipofariki mwaka 1987, na kila alipolichora alichora watu wake. Kwa nini watu, katika jiji ambalo majengo yake ndiyo yanayowashangaza wageni?

Jibu la haraka ni kwamba mgeni huona asichokiona mwenyeji. Lina ukweli, lakini ugeni huisha. Macho huzoea, na Soyer aliishi Marekani miaka 75. Aliyekaa mahali muda wote huo na bado anamtazama mpita njia kama vile hajawahi kuona binadamu hatazami kwa sababu ya ugeni peke yake.

Tumtafutie sababu katika picha zake zenyewe. Mwaka 1936 alichora wasichana wa ofisini wakitembea barabarani, mabega karibu yagusane, kila mmoja akiwa mbali katika mawazo yake. Huo ndio upweke, na naomba tuuelewe vizuri: upweke si kukosa watu. Ni kuwa katikati yao, na kuwapo kwako kusimbadilishie mtu yeyote chochote.

Hata hivyo, naona vigumu kulihukumu jiji kwa hilo. Kule ambako kila mtu anajua wewe ni mtoto wa nani, kuna pia anayejua hustahili kukaa. Jijini hakuna anayeuliza. Kutoulizwa huko kunamuumiza mwenye kiu ya kujulikana, lakini humsitiri aliyefukuzwa kwingine kwa sababu ya asili yake. Nadhani Soyer aliyajua yote mawili, na ndiyo maana picha zake hazina hasira. Zinatafuta njia ya tatu: kumwona mtu bila kumdai maelezo.

Je, inawezekana? Katika miaka ya 1930, ajira zilipoadimika, alikutana na Walter Broe, mtu asiye na makazi, akivua sarafu zilizodondokea chini ya wavu wa chuma barabarani. Akamwalika akae achorwe, akamchora tena na tena. Hapa msomaji ana haki ya kutia shaka. Picha si nyumba wala mkate. Huenda mchoraji alivuna tu pale mwenzake alipoanguka.

Shaka hii siwezi kuifuta, ila naweza kutofautisha huruma na staha. Huruma humtazama mtu kwa alichokosa. Staha humtazama kwa alivyo, hata akiwa amekosa. Anayehurumiwa hulazimika kuonyesha jeraha lake, na akipona anasahaulika. Anayestahiwa hadaiwi kitu. Broe wa Soyer haombi wala halii. Amekaa, amechoka, anawaza jambo ambalo hatuambiwi, na kutoambiwa huko ndiyo sehemu ninayoithamini zaidi, kwa sababu mchoraji alimwachia mtu huyu siri yake.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, sanaa isiyo na umbo la kitu ikatawala New York, na kuchora binadamu kukaonekana kama mambo ya jana. Soyer hakuyumba. Mwaka 1953, pamoja na Edward Hopper na wenzao, alitoa jarida lililoitwa Reality kutetea sanaa yenye umbo la mtu. Wengine waliliona suala hilo kuwa la mtindo. Kwake, naamini, lilikuwa ni kukataa kumwondoa mtu mahali.

Na mtu huyo alikuwa yeye pia. Alijichora mara nyingi, uso umechoka, macho mazito, bila kujipendezesha. Jicho alilowatazamia wanyonge hakulikwepa lilipomgeukia mwenyewe. Ndiyo sababu, katika shaka ile kuhusu Broe, mimi naegemea upande wa mchoraji.