Akamrudisha kwa Baba Yake

Mtakatifu Marko atusimulia habari za baba mmoja aliyemleta mwanawe mgonjwa kwa Bwana wetu. Yesu Kristu, ajuaye yote, hakumponya papo hapo. Kwanza alimgeukia baba, akamwuliza tangu lini mtoto alipatwa na hayo. Baba akajibu kwamba ni tangu utoto wake.

Wazazi wapenzi, lifikirini jambo hili. Hatusemi kwamba kila ugonjwa wa akili ni pepo, la hasha. Twasema kwamba Mwana wa Mungu, asiyehitaji kuambiwa neno, alimpa baba nafasi katika uponyaji wa mtoto wake.

Leo twaona kinyume. Mtoto huanza kukosa usingizi, kujitenga na wenzake, kusema na watu wasioonekana. Nyumbani husemwa kuwa ni ukaidi, au ni uchawi wa jirani. Miezi yapita. Mwishowe hupelekwa hospitali, na huko huachwa kama mzigo usio na mwenyewe. Hospitali ya Mirembe, Dodoma, imewatunza wagonjwa wa akili tangu mwaka 1927, nasi jina lake tumeligeuza tusi la njiani. Je, ni ajabu basi mzazi akiona haya kuonekana langoni pake? Lakini mficha maradhi, kifo humwumbua.

Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba nusu ya maradhi ya akili huanza kabla au ifikapo miaka 14. Umri huo mtoto yu wapi, kama si chini ya macho ya baba na mama? Daktari humwona kitambo kidogo. Mzazi amemwona tangu kuzaliwa. Lile swali la Bwana wetu ndilo aulizalo daktari hata leo, na asiyekuwapo hawezi kulijibu.

Wala kazi haiishii hapo. Dawa nyingi za maradhi haya huchukua majuma kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu zake. Mtoto apatapo nafuu hutamani kuziacha. Na akiziacha bila shauri la daktari, mara nyingi ugonjwa hurudi. Nani atamkumbusha kwa upole kila jioni? Wataalamu wameona kwamba mgonjwa arudiye katika nyumba ya makemeo huelekea kuugua tena upesi kuliko arudiye katika nyumba ya utulivu. Na jamaa wakifundishwa juu ya ugonjwa wenyewe, hali yake hudumu vema zaidi.

Hatuwalaumu wazazi kana kwamba wao ndio walioleta ugonjwa. Twajua mama alalaye na machozi, akijiuliza amekosa nini. Asali, tena asali sana. Lakini sala haifungi njia ya hospitali. Yoshua bin Sira atufundisha kumwomba Mungu na kumpa tabibu nafasi yake, kwani naye ameumbwa na Mungu.

Baba yule wa Injili hakuwa shujaa wa imani. Alikiri mbele ya watu wote kwamba imani yake ni haba, akaomba asaidiwe. Lakini hakuondoka. Naye Mtakatifu Luka aongeza neno moja dogo: Yesu alipokwisha kumponya kijana, alimrudisha kwa baba yake.

Mzazi, mtoto wako atakaporudishwa, akukute mlangoni.