Mrija Usiochomolewa

Ukishakosea, mkono wako hutaka nini? Wangu hutaka kufuta haraka, kabla mtu hajaona. Nilikuwa muuguzi kwa miaka mingi mkoani Singida, na kilichonifanya niutilie shaka mkono huo ni mrija mmoja tu.

Mgonjwa akipungukiwa sana damu au maji, mishipa ya mikono husinyaa. Hapo daktari huweza kuingiza mrija kwenye vena kubwa ya shingo. Tatizo ni kwamba vena hiyo imelala ubavuni mwa ateri inayopeleka damu kwenye ubongo. Mashine ya ultrasaundi huonyesha sindano inakokwenda. Usiku ule hatukuwa nayo, daktari alitegemea vidole vyake.

Sindano nyembamba ikitoboa ateri, huchomolewa, shingo ikakandamizwa, na mara nyingi damu hukoma. Lakini mrija mnene ulikwisha kuingia. Damu ikapanda ndani yake, nyekundu ya kung'aa, ikiruka kwa mapigo ya moyo. Mkono wa daktari ukaenda kuuchomoa, ukasita.

Ulifanya vema kusita. Mwaka 2008 madaktari wa Montreal, Kanada, walichapisha habari za wagonjwa wa namna hii, wakaonya juu ya kuchomoa na kukandamiza: damu huweza kuvujia ndani hadi uvimbe ukabana njia ya pumzi, au mgonjwa akapata kiharusi. Mrija wenyewe ndio kizibo. Huachwa papo hapo, dawa isipitishwe humo, mpaka daktari wa upasuaji wa mishipa autoe na kuliziba tundu.

Basi kosa likabaki shingoni mwa mama yule, mkulima wa alizeti, limebandikwa plasta, kila aingiaye akiliona.

Nani amwambie, na kwa maneno gani? Mimi, naona haya kuandika, nilimnong'oneza daktari aseme mshipa umegoma. Ndivyo tunavyosema wodini siku zote, kana kwamba mshipa una kichwa kigumu. Sababu nilikuwa nayo: watu wakisikia daktari amekosea, kesho watambakiza mgonjwa nyumbani, na huko atakufa. Hoja hiyo hata leo siidharau.

Daktari akainama. "Mama, mrija nimeuweka pasipo pake. Ni mimi niliyekosea. Nikiuchomoa hapa naweza kukudhuru zaidi. Inabidi uende Dodoma."

Mwanawe aliyekuwa pembeni alifoka, akataka kujua nani atalipia safari. Mama alinyamaza kitambo.

"Utakwenda nami, mwanangu?"

Kilomita 240 hivi, usiku. Daktari alipanda gari la wagonjwa, akakaa upande wa mrija.

Mama alipona. Waliporudi kuchukua kadi yake, mwanawe alipita mbele ya daktari bila salamu. Mimi alinisalimu vizuri sana.